Mahafali ya Wanaojiweza

Kwa, kwa, kwa.

Wembe uligonga ukingo wa beseni la bati, ukanyamaza, ukagonga tena. Mpiga pasi alifumbua macho gizani akasikiliza. Saa kumi na moja alfajiri ilikuwa haijatimia, hakuna taa iliyowaka, na chumba cha pili baba mkwe wake alikuwa akijinyoa ndevu kwa kupapasa, tena kwa mkono mmoja, maana ule wa kushoto kiharusi kilikuwa kimeuacha ukining'inia kama mkono wa koti lisilovaliwa.

Alijifunga shuka, akasimama nje ya pazia.

"Baba, nikuwashie taa?"

"Ya nini? Uso huu nimetembea nao miaka sabini na minane. Naujua kila kona."

"Utajikata."

"Nikijikata si nitatoka damu? Basi nitajua bado nimo. Nenda kalale, mama."

Hakwenda kulala. Na yeye alikuwa na yake. Siku hiyo alikuwa anakuja mgeni kutoka mpango wa Uzee Mwema Nyumbani, na nyumba ya mzee huyo, fundi seremala, haikuwahi kupokea mgeni ikiwa na vumbi.

Mpango huo kila mtu mtaani aliujua kwa gari lake. Lilikuwa limechorwa bibi na babu wanaocheka kwa meno ambayo hakuna mzee yeyote wa pale aliyekuwa nayo, na chini yao maandishi: Mzee azeekee kwake, kati ya wampendao. Na tuseme ukweli, kwa miezi saba mpango ulikuwa umefanya jambo moja la maana. Ulikuwa ukimleta, kila siku saa kumi na mbili na nusu asubuhi, bwana mmoja mpana wa mabega, wa miaka hamsini na kitu, aliyewahi kusukuma vitanda hospitalini. Kwa sababu ya kile kizibao cha kijani walichomvalisha, mtoto wa nyumba alimwita Kizibao, na jina likashika. Kizibao alimwogesha mzee, akamvisha, akampeleka chooni na kumrudisha, akamnywesha chai, wakabishana habari za mbao mpaka saa saba mchana.

Bila yeye, ingekuwaje? Mpiga pasi alikuwa mkwe. Mkwe atampikia baba mkwe, atamfulia, atampigia pasi hata leso. Kumvua nguo hawezi, na mzee mwenyewe angekufa kwanza. Mume wake, dereva wa lori, alikuwa nyumbani siku nne kwa mwezi, na mbili kati ya hizo alilala. Yeye kazi yake ilianza saa moja asubuhi kwenye dobi kubwa linalofua mashuka ya hoteli, na mashuka ya hoteli hayajui kama una mgonjwa.

Barua ya mpango ilisema: "Atakuja afisa kufanya tathmini. Msaidizi wenu asiwepo siku hiyo ili kuepusha upendeleo." Tathmini ni nini, haikusema. Kwa watu wa nyumba ile, mtu akija na miguu yake mpaka kizingitini, ni mgeni, na mgeni hutayarishiwa.

Basi mpiga pasi akaomba ruhusa ya nusu siku kazini, akafagia, akapiga deki, akapiga pasi mpaka pazia. Mtoto, msichana wa miaka mitano asiyejua kunong'ona, alisimama juu ya kigoda akimfunga babu yake vifungo vya shati, ulimi nje kwa bidii.

"Cha juu usikiruke, mchumba," mzee alimwambia.

"Kimekataa."

"Kibembeleze. Kifungo ni kama bibi yako marehemu, ukitumia nguvu kinakwenda zake."

Kwa mkono wake mzima mzee aliunyanyua mguu wa kushoto, akaupachika juu ya wa kulia, akakaa kama mkurugenzi. Mtu asiyejua angedhani anasubiri gari limchukue kwenda ofisini.

*

Afisa alikuwa mwanamke nadhifu mwenye kalamu mbili kifuani, ya buluu na nyekundu. Kabla hajaketi, mtoto alikwishambatiza: Kalamu Mbili.

"Nyumba yenu inapendeza," alisema, akaandika kitu. Mpiga pasi akatabasamu. Laiti angejua kwamba sentensi ile ilikuwa imewapa alama za kwanza za kuwaponza.

"Haya, mzee wangu. Maswali machache tu. Unaoga mwenyewe?"

"Kila siku."

"Unavaa nguo mwenyewe?"

"Hivi unavyoniona."

Kalamu ya buluu ikatembea. "Kupanda ngazi je?"

"Ngazi?" Mzee alicheka. "Binti yangu, nusu ya mtaa huu wanapanda ngazi nilizotengeneza mimi."

Kalamu Mbili naye akacheka, kwa adabu, akaandika: anapanda.

"Kujiandalia chai?"

Hapo mpiga pasi akatokea na sinia: chai, keki, na vikombe viwili vya kuazima kwa jirani. "Chai hii hapa, dada, karibu sana." Afisa akashukuru, akapiga alama ya vema. Hakuuliza nani aliyeichemsha.

"Na kile kishikizo tulichokufungia ukutani, kinakusaidia?"

Mzee alikohoa. Kishikizo kile, bomba la chuma linalong'aa, kilikuwa kimefungwa kwenye ukumbi mwembamba wa kwenda chooni, ukuta wa kushoto, upande wa mkono uliokufa. Kati ya matundu sita ya skrubu, matatu yalikuwa na skrubu. Siku kilipofungwa, mpiga picha wa mpango alimshika mzee ule mkono wa kushoto, akaukunja vidole kuzunguka bomba, akasema tabasamu. Mzee alikuwa na mengi ya kusema juu ya kazi ile. Lakini zawadi ya mgeni haikosolewi mbele ya mgeni.

"Kinapendeza," alisema.

Hakuna aliyesema uongo sana. Mzee alijibu kama mtu mwenye heshima zake anavyojibu mtu baki, na mkwe wake aliona fahari kwamba wamempokea afisa vizuri. Hata walimfungia keki zilizobaki akapeleke kwa watoto.

*

Barua ya pili ilikuwa na maua pembeni. HONGERA! Mzee wenu amepata alama 74 kati ya 80 na sasa anajiweza. Huduma ya msaidizi itakoma Jumatatu. Mnakaribishwa kwenye mahafali ya wahitimu wetu, mgeni rasmi atakuwepo.

Kizibao aliisoma amesimama mlangoni, midomo ikicheza. Akairudia.

"Mlimwambia nini huyu mama?"

"Tulimkaribisha chai," alisema mpiga pasi.

"Mkafagia?"

"Kwani wewe mgeni akija hufagii?"

Kizibao alijipiga kofi la paji la uso. "Mama we! Nyumba ya bondeni kule, yule bibi anakimbiza kuku, hana hata kikohozi. Siku ya tathmini wanawe walimwagia uji kifuani, wakamlaza sakafuni, wakatoa hata mto. Kapata alama kumi na moja. Kesho kutwa mimi naanza kumhudumia yeye."

"Anayekimbiza kuku?"

"Huyo huyo. Ofisini kila mwaka wanatakiwa waonyeshe wangapi wamehitimu. Mgonjwa anayebaki mgonjwa ni hasara kwao. Mzee akijibu naweza, wanapiga vigelegele moyoni."

"Kwa nini hukutuambia?"

"Nilikatazwa kufika, nikadhani mnajua." Alimtazama mzee, aliyekuwa akisikiliza yote akiangalia ukuta. "Na wewe, fundi, ungekubali kulazwa sakafuni?"

"Sakafu naijua kwa kuipigilia," mzee alisema, "si kwa kuilalia."

Kizibao akamshika mkono kwa mikono yake miwili, akaondoka upesi, kama mtu aliyeiba.

*

Wiki ya kwanza mpiga pasi alichelewa kazini mara tatu. Alikuwa akimwekea mzee chai kwenye chupa, mkate kwenye sahani, fimbo kitandani, simu kifuani. Anafika njiani, anarudi kuhakikisha. Kinyozi wa jirani aliahidi kuchungulia. Alichungulia siku mbili, akampeleka mzee chooni na kumpangusa, siku ya tatu akaanza kusimulia dukani kwake huku akinyoa watu. Mzee alisikia. Siku ya nne alimfukuza kwa fimbo.

Msimamizi wa dobi alikuwa mtu wa sauti ndogo na maneno makubwa.

"Baba mkwe?" alisema. "Si baba yako hata."

"Ni mzee wangu, bosi."

"Hapa kila mtu ana mzee. Mimi mwenyewe ninaye. Sasa mashuka yapigwe pasi na nani, na wazee?" Wenzake mezani walicheka, kwa kuwa bosi kacheka. "Chelewa tena mara moja tu, uone. Hiyo pasi ya mvuke ina watu sita wanaiomba pale getini."

Alirudi kwenye pasi yake. Mvuke una faida moja: uso ukilowa, hakuna anayeuliza.

Wiki ya pili, aliporudi saa nane, alimkuta mzee ameketi sakafuni kwenye ule ukumbi mwembamba, bomba la chuma mapajani, vumbi la ukuta kichwani. Mtoto, aliyerudi shule ya awali saa sita, alikuwa ameketi naye, wamegawana mkate.

"Baba! Umeumia?"

"Nimetukanwa," mzee alisema, akalinyanyua lile bomba. "Tazama. Skrubu tatu, tena zile za kutundikia picha. Fundi gani anamfungia mtu mzima kwa skrubu za picha? Hata aliyepita chuo kwa kudesa majibu ya wenzake asingefanya hivi!"

Kalio lake lilikuwa jeusi kwa wiki nzima, lakini hilo hakulitaja. La skrubu alilitaja kila siku.

Kilichomtisha mpiga pasi hakikuwa kuanguka. Ilikuwa jioni mzee alipoanza kumwita mjukuu wake kwa jina la marehemu mkewe, si kwa utani, bali kwa kweli, akimwuliza ameficha wapi patasi. Walimkimbiza zahanati. Muuguzi alimfinya ngozi ya mkono, ikabaki imesimama kama kitambaa kilichokunjwa.

"Mzee wenu hanywi maji," alisema. "Kakauka. Chai je?"

"Namwekea chupa nzima kila siku. Narudi naikuta imekwisha."

"Inaishia wapi?"

Mzee akatazama dari. Mtoto, aliyekuwa akizungusha miguu kwenye benchi, akasema, "Babu anamwagia maua ya dirishani."

Muuguzi alitundika dripu akatoka. Mpiga pasi alikaa karibu na kitanda.

"Kwa nini, baba?"

"Ukinywa, lazima utoe," mzee alisema polepole, bado akiangalia dari. "Nitoe na nani, mama? Nimwite nani? Mtoto?"

*

Ofisi ya mpango ilikuwa na kiyoyozi, kapeti, na picha za wazee ukutani. Baba mkwe wake alikuwemo, ameshika bomba, anatabasamu. Mpiga pasi aliisubiri foleni yake chini ya picha hiyo.

"Mama chai!" Kalamu Mbili alimkumbuka kwa furaha. "Mnajiandaa na mahafali?"

"Dada yangu, tulikosea. Mzee hajiwezi. Naomba Kizibao arudishwe."

"Lakini kwenye kompyuta mzee wako amehitimu."

"Basi mrudishe nyuma."

"Mfumo una kitufe cha kuingiza na kitufe cha kuhitimisha. Cha kurudisha hakuna." Alisema hivyo bila ubaya wowote, kama mtu anayekueleza kuwa mto hautiririki kupanda.

"Alianguka. Alitundikiwa dripu."

"Pole sana. Dripu ni hospitali. Sisi ni nyumbani."

Mpiga pasi alikuwa amesoma shule ya jioni, miaka miwili, mtoto mgongoni, mpaka akapata cheti. Kilichomsaidia si hesabu wala historia, ni kwamba mwalimu wake mmoja aliwafundisha kutoondoka dirishani mpaka wasomewe kanuni. Hakuondoka.

"Lazima ipo njia. Nisomee kanuni."

Kalamu Mbili alivuta pumzi, akafungua kijitabu. "Ipo ya tamko la dharura. Mhusika mwenyewe, au mtu yeyote wa nyumbani kwake, atamke kwa mdomo mbele ya afisa kwamba mzee hawezi jambo fulani la msingi. Nikishasikia ni lazima niandike, na msaidizi anarudi ndani ya siku tatu."

"Basi natamka sasa hivi. Hawezi..."

"Ah-ah! Mzee awepo. Tumeona watoto wanaowasingizia wazazi ili wapate mfanyakazi wa bure. Atamkiwe akiwa anasikia."

"Njoo nyumbani basi."

"Ratiba ya kutembelea nyumba imefungwa, tunaandaa mahafali. Ila Jumamosi ukumbini mimi nitakuwepo, na mzee atakuwepo. Baada ya hapo ripoti inapelekwa juu, mwaka unafungwa." Alimpa kijikaratasi cha maua. "Joho tunatoa sisi."

*

"Hapana," mzee alisema.

"Neno moja tu, baba. Kwa sauti ya chini. Nitamwita yule mama pembeni."

"Kesho litakuwa kwenye redio. Kinyozi mmoja tu katosha kunimaliza, itakuwa ofisi nzima?" Alikuwa akisugua mpini wa patasi kwa msasa, mpini umebanwa kati ya magoti. "Sikiliza, mama. Wewe ni mwanangu kuliko hata niliyemzaa. Nimekula kwako, sijawahi kuhesabiwa tonge. Lakini usinivue nguo mbele za watu kwa mdomo wako."

"Na kituo je?"

Mzee aliacha kusugua. Usiku uliopita dereva alikuwa amepiga simu kutoka safarini, na kuta za nyumba ile hazikuficha kitu. "Sina la kufanya, mke wangu," alikuwa amesema. "Ukifukuzwa kazi tutakula nini? Jumapili narudi na gari la rafiki, nampeleka kituo cha wazee. Nimekwishazungumza nao."

"Huko wanalala wangapi chumbani?" mzee aliuliza.

"Kumi na wawili."

"Na choo chao kina komeo?"

Mpiga pasi akaanza kufagia unga wa mbao sakafuni. Alikuwa amekwenda kukiona kituo hicho. Choo chao hakikuwa na mlango.

"Basi," mzee alisema, akarudi kwenye msasa wake. "Nipelekeni. Nitakwenda nikiwa nimevaa."

*

Jumamosi gari la bibi na babu wenye meno liliwachukua saa mbili asubuhi. Sherehe ilikuwa saa tatu. Saa sita mgeni rasmi alikuwa bado yuko njiani, na njia yake ilionekana ni ndefu kuliko ya watu wengine.

Wahitimu walikuwa ishirini na watatu, wamepangwa mstari wa mbele kwenye viti vya plastiki. Walivishwa majoho meusi yaliyokodishwa chuoni, yameshonewa vijana warefu, na kofia bapa zenye shada linaloning'inia puani. Bibi mmoja asiyeona alishika shada lake akiuliza kila mara kama ni nzi. Mwingine alikuwa amelala, mdomo wazi, na kijana wa itifaki alikuja mara mbili kumnyoosha kwa ajili ya picha. Nyuma yao bango kubwa: HONGERENI WAHITIMU! UZEE SI UGONJWA! Vyoo vya ukumbi, ukumbi uliochaguliwa kwa ajili ya wazee, vilikuwa ghorofani, ngazi kumi na nane.

Mpiga pasi alikaa mstari wa pili, nyuma kabisa ya baba mkwe wake. Mtoto alisimama kati yao, ameshika joho la babu.

Mzee asubuhi hiyo hakuwa amekunywa hata tone. Alikuwa ameyapanga mambo yake. Ambacho hakukipanga ni mgeni rasmi, aliyeingia kwa makofi, akapita mstari wa mbele akigawa chupa za maji kwa mkono wake mwenyewe, kamera nyuma yake.

"Kunywa, mzee wangu! Maji ni uhai!"

"Ahsante, mheshimiwa. Baadaye."

"Hapana, hapana, tukuone. Mpiga picha, njoo huku."

Angefanya nini? Mkubwa kakuinamia, kakufungulia chupa, watu wanakutazama. Mzee akanywa. "Yote, yote!" mgeni rasmi alishangilia. Mzee akanywa yote. Mpiga pasi aliliona lile koo jembamba likipanda na kushuka, akafumba macho.

Hotuba ikaanza. Mgeni rasmi alisema wazee ni hazina. Alisema ni dira. Alisema ni maktaba. Aliwataja kwa kila kitu kinachowekwa kabatini au kutundikwa ukutani. Akaeleza idadi ya wahitimu mwaka juzi, mwaka jana na mwaka huu, na mstari unavyopanda. Dakika arobaini. Mzee alikuwa ameanza kuyumba kidogo kidogo, mbele, nyuma, goti zima likitetemeka chini ya joho. Aliinama, akamnong'oneza mtoto sikioni.

Mtoto akageuka. "Mama."

"Shh."

"Mama, babu kasema nikwambie polepole..."

"Subiri mheshimiwa amalize, mwanangu."

Kalamu Mbili alikuwa amekaa hatua tatu kutoka hapo, kijitabu mapajani, kalamu zote mbili kifuani. Hatua tatu! Mpiga pasi alimtazama, akautazama mgongo wa baba mkwe wake, ulionyooka kwa nguvu kama ubao uliobanwa kwenye jiliwa. Alijua anachobana. Kuinuka tu, kusema neno. Usinivue nguo. Kesho ni Jumapili.

"Na sasa," mgeni rasmi alisema, "tusisikie sauti za wakubwa tu. Tusikie kutoka kwa familia!" Mshereheshaji akashuka jukwaani mbio na kipaza sauti, akitafuta uso wa kufaa kwa picha, akauona wa mwanamke kijana aliyevaa nguo iliyopigwa pasi kama karatasi.

"Simama, mama! Wewe ni nani kwa mhitimu?"

"Mkwe wake."

"Mkwe! Makofi kwa mkwe!" Makofi. "Hebu tuambie ukweli, usiogope. Tangu mzee ahitimu, hali nyumbani ikoje?"

Kipaza sauti kilikuwa kizito kuliko alivyodhani. Ukumbi ukatulia. Kalamu Mbili alikuwa anamtazama, kamera inamtazama, na mgeni rasmi ametabasamu juu kule, kichwa upande, mkono kifuani, tayari kushukuriwa. Maneno yalikuwepo. Alikuwa ameyafanyia mazoezi usiku kucha, manne tu, hayazidi. Akafungua mdomo, na mdomo, uliolelewa vizuri tangu utotoni, ukasema ulichofundishwa kumwambia mgeni:

"Nzuri, mheshimiwa. Tunashukuru sana."

Ukumbi ukalipuka kwa vigelegele. Aliketi kama mtu aliyekatwa miguu. Mbele yake mabega ya mzee yalishuka kidogo, akashindwa kujua kama ni kwa nafuu au kwa kukata tamaa. Kipaza sauti kilikuwa bado mkononi mwake, kimelala pajani, taa yake nyekundu ikiwaka, na mshereheshaji alikuwa anainama kukichukua.

Mtoto alimvuta mkono. "Mama, kasema niseme polepole, nimesema, husikii."

Vigelegele vilikuwa vimekwisha, ule utulivu wa baada yake umeingia, na sauti hiyo ndogo ikatoka kwenye spika zote nne za ukumbi. Watu wakageuka. Kalamu Mbili akainua kichwa. Mzee akanyoosha mkono wake mzima nyuma, akiutafuta mdomo wa mjukuu wake, akaukosa. Kisha mkono huo ukasimama hewani, ukashuka wenyewe, ukatulia juu ya kichwa cha mtoto. Haukumziba. Mshereheshaji alikuwa amekishika kipaza sauti upande mmoja, mpiga pasi upande wa pili, na kwa mara ya kwanza siku hiyo hakufanya lililo la adabu. Hakukiachia.

Mtoto akakisogelea, akasema kwa sauti ili safari hii mama yake asikie:

"Babu anataka kukojoa na hawezi peke yake."